Kulungu wa Nara na Uongo Wangu

Mama alipolazwa mara ya pili, kaka yangu alinipigia simu kutoka Nyeri. Nilikuwa kituo cha treni cha Westmead, huku Sydney, ndiyo kwanza nimetoka zamu ya asubuhi katika wadi ninayouguza. Akauliza nitafika lini. Nikamwambia nimenyimwa likizo.

Haikuwa kweli. Likizo nilikuwa nayo, wiki mbili, na tiketi za Japani tulikuwa tumezikata zamani. Binti yangu alikuwa amemaliza shule, na tangu utotoni aliniomba tuende Nara, kwenye ile bustani kongwe ya mahekalu ambako kulungu hutembea huru kati ya watu. Kila mwaka niliahirisha kwa sababu ya kazi. Safari hii nikajiambia kwamba mama alishawahi kulazwa akapona.

Nara ni pazuri, sitalikana hilo. Kulungu walitufuata tangu barabarani. Tulinunua biskuti za pumba za mchele wanazouziwa wageni wawalishe, na mmoja akaniinamishia kichwa kwa adabu, mara mbili, nami nikamwinamia. Nilipochelewa kumpa, akaing'ata sketi yangu na kuivuta. Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Sikuwa nimecheka hivyo tangu mume wangu atuache. Binti yangu akanipiga picha.

Baadaye tulikuwa tumeketi karibu na taa za mawe, simu ikatetema. Ulikuwa ujumbe kwenye kundi la familia, ambamo binti yangu hayumo. Nikajiona pichani mdomo wazi, kulungu kashika sketi. Chini yake kaka alikuwa ameandika: "Mama ameiona. Anauliza hao mbuzi ni wa hospitali gani."

"Ni wewe umemtumia mjomba wako?" nilimuuliza binti yangu.

"Nilitaka shosho aone unavyocheka," akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake; shosho ndivyo anavyomwita bibi yake. "Kwani kuna shida?"

Nikasema hakuna. Nilikuwa nimemficha hata ugonjwa wenyewe, nikiogopa angekataa kusafiri.

Jioni nilimpigia mama. Sauti yake ilikuwa imekonda. Nilipoanza kujieleza akanikatiza.

"Umependeza," alisema. "Pumzika, mwanangu. Unafanya kazi sana."

Afadhali angenitukana.

Alifariki siku sita baadaye, sisi tukiwa uwanja wa ndege tukingoja kurudi Sydney. Ndipo nikamweleza binti yangu kwamba shosho alikuwa mgonjwa, ila sikusema nilijua tangu lini. Tukabadilisha safari, tukafika Nyeri siku mbili kabla ya mazishi.

Kaka ndiye aliyeitambulisha familia mbele ya waombolezaji. Alipofika kwangu alisema, "Na huyu ni dada yetu. Hatimaye amepewa likizo." Watu wakaitikia kwa upole, wakidhani ananihurumia. Hajanisemesha tena tangu siku ile, isipokuwa kuhusu jiwe la kaburi.

Binti yangu anakisikia Kiswahili vizuri, ingawa hakisemi. Tukiwa ndani ya ndege ya kurudi, alinigeukia.

"Mum, ulijua kabla hatujaenda?"

"Nilijua."

"Ungeniambia, tungeenda kwa shosho. Nara haihami."

Alisema hivyo kwa Kiswahili, polepole, akitafuta kila neno, nadhani ili nisije nikadai sikuelewa.

Siku hizi amehama kwangu, anaishi karibu na katikati ya jiji na wenzake wawili. Huja Jumapili baada ya ibada, tunakula, tunazungumzia masomo yake na hali ya hewa, kisha anawahi treni.