Vidole vya Bi Mwatima

Saada ndiye aliyemwambia Ruweida, wakiwa mferejini wanangoja ndoo zijae, kwamba Bi Mwatima mkunga aliua mtoto tumboni. Alimgeuza kwa goti mpaka shingo ikavunjika, akasema Saada, na ndiyo maana Bakari akamvunja na yeye vidole. Alimlaza mkono juu ya kizingiti cha mlango wake mwenyewe, akauponda kwa mchi wa kinu mara tatu. Mtoto alikuwa wa Bakari. Mkewe Jawaher akarudi kwao Jadida, na kijiji hiki cha Makangale hajakikanyaga tena.

Ruweida alisogeza ndoo yake. Bakari alikuwa shemeji yake, kaka wa mumewe, na mwaka mzima wa ndoa hakuna aliyemtajia hayo. Mkono wa Ruweida ulikuwa ubavuni mwa tumbo. Mimba ilishaingia mwezi wa nane, na kliniki walimwambia mtoto amekaa, kichwa juu, makalio chini. Nesi alisema wengi hujigeuza wenyewe, arudi baada ya wiki mbili, na asikubali mtu amkande.

Mkwewe, Bi Mwanapili, hakutaka kungoja. Hafidh, mume wa Ruweida, alikuwa dago, kambini na wavuvi wenzake, na mama mtu alisema mwanawe hatarudi akute mke kapasuliwa hospitali. Jumanne, baada ya sala ya adhuhuri, akamlaza Ruweida mkekani, akammwagia mafuta ya nazi, akamkamua tumbo kama anayekamua tui. Ruweida alipolia alizabwa kofi la paja, akaambiwa akaze roho, watu wamezaa saba. Mtoto akarusha mateke ndani kama anayegombana. Kisha Bi Mwanapili akapandisha goti.

Ruweida akamng'ata kifundo cha mkono mpaka akaonja damu. Akakimbia miguu mitupu hadi mlango pekee ambao mkwewe hakuwa akiukaribia.

Bi Mwatima alikuwa anasuka ukili. Zamani nusu ya watoto wa Makangale walitua mikononi mwake. Tangu mchi ule, alisuka kwa mkono mmoja na meno. Vidole vya mkono wa kulia vilisimama kama njiti, havikunjiki wala havishiki. Hakuuliza kitu. Alifungua kanga, akaziona alama nyekundu za vidole, akapapasa kwa mkono wa kushoto, polepole.

"Hiki hapa kichwa," alisema. "Kigumu, ukikisukuma kinacheza peke yake. Kakaa kweli."

"Mgeuze wewe, bibi."

"Simgeuzi. Wala yule wa Jawaher sikumgeuza. Yule alilala mkingamo, nikasema apelekwe hospitali, nikafungiwa nje. Nilipofunguliwa tumbo lishakuwa gumu kama ubao, na mwenye goti kashaosha mafuta mikononi."

Ruweida hakuwa na haja ya kuuliza goti la nani.

Mlango ukapigwa teke. Bakari aliingia na mchi, nyuma yake mama yake ameshika kifundo kinachovuja damu, anasema mchawi yule kashamshika na mkwe wa pili. Bakari akampiga Bi Mwatima kibao cha uso, bibi akaanguka juu ya ukili wake, damu ikamtoka puani. Mchi ukapanda juu.

Ruweida akajitia katikati, tumbo mbele, akapandisha nguo. Shemeji hafunuliwi tumbo. Siku ile hakuona haya. Alama za vidole vinne juu, dole gumba chini, na karibu na kitovu duara jekundu la goti.

"Hivi ni vya Bi Mwatima?" aliuliza. "Vyake havikunjiki, shemeji. Ulivivunja mwenyewe."

Bakari aliangalia, akageuza uso, akaangalia tena. Alama kama zile aliziona kwa Jawaher, wakati vidole vya mkunga vingali vizima. Akamgeukia mama yake. Bi Mwanapili akaanza kusema alitaka kusaidia tu, hakumaliza. Bakari aliushusha mchi kwenye mlango, tena na tena, mpaka mbao zikapasuka na bawaba ikang'oka, mama yake amechutama ukutani, mikono kichwani. Hakumgusa. Akautupa mchi, akatoka.

Siku ya tisa baada ya hapo, asubuhi, Ruweida akimenya muhogo, tumbo lilipanda upande mmoja kama mbuzi aliyefunikwa gunia. Likavutwa, likapinda, kisu kikamponyoka, akaangukia magoti, akashika nguzo ya jiko. Halafu likatulia. Mateke yakawa juu, kwikwi ya mtoto chini. Kliniki wakamwambia kichwa kiko chini.

Wiki mbili baadaye pumzi ikafunguka, lakini nyonga zilimuuma kama zinapasuliwa, akawa anatembea kama bata. Akaenda kwa Bi Mwatima. Mlango mpya alishautia Bakari, bila kusema neno.

Bi Mwatima aliminya kidogo juu ya mfupa wa kinena. Kichwa hakikucheza.

"Kimeshaingia nyongani. Ukishikwa na uchungu ni hospitali, hata aseme nani."

Ruweida akasema ndiyo, akafunga kanga, akauliza amlipe nini.

Bi Mwatima alikuwa ameshaurudisha ukili mdomoni. Akautoa.

"Kesho ukenda kuteka maji, mwambie Saada, maana kwake neno huenea kijiji kizima. Lile goti, mtaje mwenye nalo kwa jina. Najua ni mkweo, na nyumba unalala ileile. Mwambie ulivyoona, mwanangu. Usizidishe, usipunguze."