Kornelia na Lori la Mafinga

Ludovika ndiye aliyeanza kusema bombani kwamba tumbo la Kornelia limetangulia Songea.

"Jamani, si lilikuwa hapa?" alisema, akijipima kwa mkono mbele ya gauni lake. "Wakati wa kuvuna lilikuwa hapa. Sasa mama amekuwa bapa kama sinia. Au limepanda lori la kwanza, yeye anafuata na la pili?"

Wanawake walicheka. Natalia, mke wa dereva Bura, hakucheka. Yeye alikuwa na mimba kubwa. Alivuta kanga akajifunika tumbo, akabeba ndoo yake kabla haijajaa.

Kwetu, mwanamke mimba ikimtoka hukaa kando. Tunaita metimani. Haingii nyumba ya mtu, hanywi kwenye kikombe cha mtu, na zaidi ya yote hamgusi mtoto mchanga wala mwenye mimba, mpaka wazee waseme amemaliza. Padri alikuwa akihubiri kwamba hayo yamepita, nasi tuliitika amina. Lakini pale kambini, kwenye nyumba za bati za shamba la ngano, watu waliitika amina Jumapili, na Jumatatu wakaanza kutazama nani anachota maji baada ya nani.

Kornelia alikuwa jirani yangu wa ukuta mmoja. Nilipojifungua Letisia, mtoto wangu wa kwanza, mama yangu alikuwa mbali, Tumati, na Kornelia ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto na kunipikia uji. Kornelia alizaliwa Nangwa, mtu wa kwetu. Aliolewa na Hilary, fundi wa kombaini, mtu wa Songea aliyeletwa na kazi wakati wazungu wa Kanada walipokuja kufungua mashamba. Kaka zake hawakuja kwenye harusi. Walisema amejitupa kwa mtu asiyejulikana alikotoka. Na huko Songea nako mama mkwe hakumtambua. Alikuwa akituma maneno kwa kila aliyekwenda likizo: mke asiyekuja kuonekana si mke, ni mpishi wa kambini.

Kwa hiyo ile safari haikuwa ya matembezi. Kornelia alitaka aonekane, asimame uani kwa mama mkwe na watoto wake watatu, basi. Nafasi ilipatikana likizo ndefu ya Desemba. Lori la shamba lilikuwa linakwenda Mafinga kuchukua mbao, na meneja akamruhusu Hilary apande na familia yake. Kutoka Mafinga wangetafuta basi.

Sijapata kuona mtu akiipanga safari vile. Mwalimu Philemon alimchorea njia uani kwa kijiti: Katesh, Singida, Manyoni, Dodoma, Iringa, Mafinga. Watoto wakaikariri kwa wimbo mpaka ukuta wangu nao ukaijua. Kisha Kornelia akapanga benchi na vigoda, akasema hilo ndilo lori, akawakalisha wazoee kukaa.

"Nicodemo, huwezi kusema mkojo kila saa. Unasema tukifika mji."

"Mji gani, mama?"

"Ule unaoonekana."

"Na kama hauonekani?"

"Unabana."

"Mimi ndiyo dereva," alisema Eufrasia.

"Ukiendesha wewe tutazikwa wote Manyoni," alisema Xavery, yule mkubwa, na mama yao akacheka mpaka akashika kiuno. Nikamwona anauma mdomo. Alikuwa bado ana maumivu.

Nilikuwa nimekwisha kujua. Tangu Novemba alikuwa haingii kwangu. Alisimama nje ya mlango, na nikimpa chumvi aliniambia niweke chini kwanza, ndipo aokote. Letisia alikuwa amemzoea, akimwona tu ananyoosha mikono. Kornelia alikuwa anarudi nyuma, anamchekea kwa mbali.

"Nina mafua, mdogo wangu. Nisije nikamwambukiza."

Mafua yale hayakuwa na kamasi hata siku moja. Sikumwuliza. Nilimwona pia anafungasha chombo kimoja kimoja pembeni: bakuli lake, kibuyu chake cha maji, kijiko chake, vyote ndani ya kitambaa chake peke yake. Hilary alimwambia akae mbele na watoto pamoja na Natalia, ambaye alikuwa anakwenda Singida kujifungulia kwa mama yake.

"Nyuma kuna baridi," alisema Hilary. "Nyuma nitakaa mimi, juu ya magunia."

"Na mimi nitakaa nyuma," alijibu Kornelia. "Nataka kuona nchi."

Hilary aliona mke wake ana furaha ya safari. Mimi niliona mtu aliyetafuta jinsi ya kufika Songea bila kumgusa mtu yeyote njiani.

Asubuhi ya kuondoka kulikuwa na ukungu mpaka magurudumu hayaonekani vizuri. Watoto walipakiwa mbele, wameoga, wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa. Natalia akaketi dirishani. Kornelia alikuwa ameweka mguu kwenye tairi, anataka kupanda nyuma, Ludovika akatokea na jirani wengine.

"Bura!" aliita. "Umekubali kumpakia huyu pamoja na mkeo?"

Bura alikuwa anajaza maji kwenye rejeta. Akaweka debe chini. "Mama Ludovika, shikamoo. Kuna nini tena?"

"Marahaba. Muulize yeye kuna nini. Muulize tumbo lake liko wapi."

Hilary aliinama kutoka juu ya magunia. "Tumbo gani? Mke wangu ana mimba changa. Mama, tuache, tuna safari."

Nilimtazama Kornelia. Hakuwa amemwambia hata mumewe.

"Mimba changa tangu kuvuna?" alisema Ludovika. "Fundi, wewe unajua kombaini tu. Huyu alikuwa anamnyang'anya Mama Letisia mtoto kila siku, anambeba kutwa. Sasa mwezi mzima hajamgusa. Mnafikiri kwa nini?"

Hapo ndipo nilipoelewa kilichomfichua. Hawakuona damu, hawakusikia kilio. Walichoona ni vile alivyokuwa anamkinga mwanangu.

Bura alikuwa mtu mpole, na sauti yake ilikuwa ya upole hata alipolisema lile neno. "Shemeji Kornelia, mimi sitaki ugomvi. Mtoto wa Mama Letisia yuko hapa. Mbebe tu, sote tuone. Ukimbeba unapanda, na huyu mama atakuomba radhi mbele ya watu."

"Eeh, ambebe!" walisema wale wengine.

Nilimfungua Letisia mgongoni. Hakuna aliyenituma. Nikamsogelea Kornelia mpaka pumzi zetu zikakutana.

"Mchukue, dada," nilimwambia polepole. "Mimi nimekubali. Mchukue upande gari."

Letisia alikwisha kunyoosha mikono, anacheka, miguu inapiga piga. Kornelia alimwangalia. Akaangalia dirisha la lori, vichwa vitatu vimebanana pale, vinang'aa kwa mafuta. Mikono yake ilinyanyuka kidogo. Kisha akaipeleka nyuma, akafungamanisha vidole mgongoni kama mwanafunzi anayengoja fimbo.

"Mrudishe mgongoni," aliniambia. "Ana baridi."

Ludovika akapiga makofi mara moja. "Haya. Nilisema uongo mimi?"

Hilary alishuka kutoka kwenye magunia. Alisimama mbele ya mke wake, na mimi nilifikiri atamshika.

"Lini?" aliuliza.

"Mwezi uliopita. Ulikuwa karakana."

"Ukanyamaza."

"Ningesema, ungeahirisha safari."

"Nimemwambia mama kwamba tunakuja na mwingine njiani. Ameshawaambia watu." Akajifuta uso kwa kiganja. "Mimi ndiye wa mwisho kujua kambi nzima. Na kutoka kwa huyu."

"Baba Xavery, nikae nyuma peke yangu. Nina kibuyu changu. Nina bakuli langu. Sitashuka mahali aliposhuka Natalia."

Hilary alimtazama Bura. Bura akatikisa kichwa, akaangalia chini.

"Gari ni moja, Fundi. Watoto hawana kosa, wewe si wa mila hizi. Lakini yeye hapana. Huyu wangu akipata shida njiani nitamwambia nini mama yake?"

Nilingoja Hilary aseme basi, hatuendi. Wote tulingoja, hata Ludovika. Hilary akapanda tena juu ya magunia.

"Nitamwambia mama unaumwa," alisema.

"Atauliza ni mke gani huyo."

Hilary alikuwa anafunga kamba ambayo ilikwisha kufungwa.

"Afadhali," alisema Ludovika, akijifunga kanga yake vizuri. "Natalia akazae salama." Akaondoka na wenzake kuelekea bombani, wanaongea mambo ya sabuni.

Bura akawasha gari. Natalia alikuwa amegeuza uso upande wa pili, mkono juu ya tumbo. Nicodemo alianza kulia. "Mama amepanda? Xavery, mama amepanda?" Kwa ukungu ule hawakuweza kuona nyuma.

Kornelia alitaka kwenda dirishani, akakumbuka nani ameketi pale, akasimama. Alirudi nyuma ya ukuta wa nyumba yetu, mahali ambapo watoto wasingemwona, akaniita kwa mkono.

"Mdogo wangu," alisema. "Nenda pale dirishani. Waambie mama yuko nyuma na baba, juu ya magunia, na amesema wasilie."