Magoti ya Tobia wa Mlola

"Siku ya ndoa yangu nitapiga magoti mwenyewe na nitainuka mwenyewe! Atakayenishika mkono namtupa nje na viatu vyake!"

Tobia aliyatamka hayo nje ya kanisa la Mlola, katikati ya mnada wa mavuno, jogoo kambana kwapani. Watu walicheka mpaka dalali akapoteza hesabu. Usiwalaumu. Jumapili iliyotangulia alipiga magoti kupokea Chakula cha Bwana, akashindwa kuinuka. Wazee wawili wa kanisa wakamnyanyua kwa makwapa mbele ya mchumba wake, Lucy. Na huyu ni mpakiaji wa kabichi! Mtu wa kupandisha magunia kwenye fuso tangu alfajiri, shingo nene kama kisiki, halafu kamba za viatu anafungiwa na mama yake.

Kwanza alijaribu kujinyoosha. Wenzake wakamkandamiza mgongo ili afike vidoleni. Akapiga kelele, hakufika, na kesho yake hata kupakia hakupakia.

Beatha, dada yake Lucy, ni mwalimu wa michezo sekondari. Alikuja sokoni, akasimama kando ya fuso akatazama.

"Shemeji, gunia huwa unaliokota chini?"

"Aa, mwenzangu Alen ananitwisha. Mimi napokea begani."

"Basi nguvu zako ni za kusimama tu. Huko chini nyonga na magoti hayajawahi kufanya kazi, ndiyo maana yanagoma. Hayaamini kama yatarudi juu."

Wapakiaji wote wa Mlola ndivyo walivyo: kila mtu anatwishwa, na anayetwisha anainamia mgongo tu, hakuna anayechuchumaa.

Beatha akampa ndoo ya mchanga, tena nusu. Aikumbatie kifuani, ashuke taratibu mpaka aguse benchi, atulie, apande bila kujirusha. Benchi likizoeleka, kigoda. Kigoda kikizoeleka, tofali. Na mchanga uongezwe kidogo kidogo.

Mapaja yaliuma, lakini aibu iliuma zaidi. Mtu wa magunia kukumbatia ndoo nusu, hadharani!

"Mgoshi, mtoto amelala?" Alen akamuuliza.

"Mbembeleze, asije akalia!" akadakia muuza karoti mmoja.

"Chekeni tu," Tobia akajibu, jasho linamchuruzika puani. "Mimi nashuka, ninyi mmekwama huko juu."

Na kweli alishuka. Masika yalipoingia, alikuwa anaokota gunia chini bila Alen, mgongo umenyooka, visigino vimetulia ardhini. Kamba za viatu alizifunga mwenyewe, kwa maringo, hata zisipofunguka.

Siku ikafika. Mchungaji akasema, "Pigeni magoti." Wale wazee wawili wakaanza kusogea, mazoea tena. Tobia akashuka goti moja, kisha la pili, bega kwa bega na Lucy. Sala ya baraka ikawa ndefu kweli. Nadhani mchungaji naye alikuwa anampima. "Amina." Akainuka kama anayetoka kwenye kiti, hakushika kitu, kisha akampa Lucy mkono maana gauni lilimkamata. Vigelegele hivyo, hata watu wa Irente, mbali kule, wangesikia kama wangetega sikio. Alen alilia. Anakataa, lakini alilia.

Mpiga picha alipoleta picha, mama yake Tobia alizisukuma kando za pete na keki. Akachagua moja ambayo mwanawe haonekani hata uso: mgongo tu, yuko katikati ya kuinuka, na hakuna mkono wa mtu karibu. Akataka ikuzwe, iwekwe fremu.

Elfu thelathini na tano, na mama akalipa bila kuuliza mara mbili.