Mtoto wa Nyuma ya Jiko

Wifi yangu Kunegunda alifua mashuka ya hospitali kwa miaka thelathini na moja, kwa hiyo jambo la kwanza alilofanya tulipofika kwenye hoteli ile ya kifahari ni kufunua kitanda. Alivuta shuka, akalinusa, akalinyoosha mbele ya dirisha, kisha akatikisa kichwa.

"Sabuni haikusuuzwa ikaisha," alisema.

Nilimwambia aketi atulie, tumeletwa kupumzika, hatukuja kukagua kazi za watu.

Aliyetuleta ni mwanawe Erasmus, yuko Dodoma ofisini. Mama yake alipofikisha miaka sitini na mitano alimpigia simu, akamwambia, mama, umefulia watu maisha yako yote, sasa nenda nawe ukalalie shuka lililofuliwa na mwingine. Siku tatu, chumba cha watu wawili, na msindikizaji ni mimi Getruda, mdogo wa marehemu mumewe, muuza mitumba wa sokoni Msamala. Erasmus ni mtoto mwema, simlaumu. Ila hakuuliza hoteli imejengwa wapi hasa, na sisi tuliojua hatukumwambia.

Imejengwa kwetu. Pale mlimani, nyuma ya Matogoro, ndipo palipokuwa na nyumba ya baba yangu na nyumba nyingine saba, na mashamba ya mahindi na ulezi. Miaka sita iliyopita mwekezaji alipapendea baridi na mandhari, nasi tukahamia mjini, wengine Mjimwema, sisi Lizaboni. Makaburi yalihamishwa kwa heshima, siwezi kusema uongo. Padri alikuwepo, masanduku yalikuwa mapya. Maofisa walikuja na daftari wakauliza makaburi yako mangapi, na wanaume wakaonyesha matano, yote yana misalaba. La sita hawakulionyesha kwa sababu hawakulijua.

Ukoo wetu ulikuwa na desturi yake. Mtoto akifa kabla kitovu hakijadondoka, wanaume hawahusiki. Wanawake wazima humchukua kimyakimya wakamzika nyuma ya jiko, chini ya ukingo wa paa, pale maji ya mvua yanapodondokea, ili ardhi yake isikauke. Hawekewi msalaba wala matanga. Mama yake haonyeshwi mahali, na haruhusiwi kuuliza. Akiuliza, walisema, tumbo litafunga asizae tena. Kunegunda alikuwa na miaka kumi na tisa alipojifungua mtoto wake wa kwanza, wa kike, na mtoto akaishi siku nne. Mama yangu, Walburga, alimfunga kwenye kitenge akatoka naye. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nikabeba jembe kwa sababu siku hiyo hapakuwa na mwanamke mwingine wa kumsaidia. Mama alishafariki zamani, kwa hiyo duniani kote anayejua mahali pale ni mimi peke yangu.

Siku ile maofisa walipohesabu, Kunegunda alinitazama. Nilijua anataka nini. Nikageuka, nikajifanya nafukuza kuku. Niliogopa kutaja mambo ya uzazini mbele ya wanaume wenye daftari, nikajiambia kwamba mwiko ni mwiko. Mpaka leo najiona mjinga kwa ajili ya wale kuku.

Basi tulikula raha, au tulijaribu. Dada wa mapokezi, Edna, alitupa shikamoo kwa magoti nusu na chai ya tangawizi. Taulo zilikunjwa umbo la bata, na wifi akazikunjua zote mbili akazikunja upya kihospitali. Tulipewa majoho meupe, mazito kama blanketi. Mchana tulikula mbasa wa kuchoma, wifi akasema yule samaki ametoka Nyasa kuja kupumzika huku kama sisi. Nilicheka sana. Nilidhani tutamaliza siku tatu hivyo, kwa mizaha.

Alasiri ukungu ulishuka. Ulifunika miti, ukafunika bustani, ukaja hadi kwenye kioo cha dirisha, na paa likaanza kudondosha maji, tone moja moja, ingawa mvua haikunyesha. Nilikuwa nasinzia. Nilipofumbua macho nikamwona wifi amelala chali, macho wazi, joho limefungwa hadi shingoni.

"Unasikia?" aliniuliza.

"Ni ukungu unadondoka."

"Nilisikia hivihivi wiki nzima, nikiwa kitandani kwa mama mkwe. Kila tone nilihesabu linamwangukia."

Akageuka upande wangu.

"Wifi, mimi naitwa Mama Erasmus miaka arobaini sasa. Kila mtu akiniita hivyo, yule wa kwanza anasikia. Anakuja, nakwambia kweli. Nikiwa nafua nilikuwa nahisi kuna mtu mdogo amesimama nyuma yangu, nikigeuka hakuna. Na tangu tumeingia humu ndani hajaondoka. Nilikatazwa kuuliza ili tumbo lisifunge. Sasa tumbo la kikongwe lifunge nini? Presha yangu unaijua. Nionyeshe mahali kabla sijafa, nimwombee na mimi nipumzike."

Nilitazama kona ya chumba, pale penye taa ya kusimama, nikaona haya kwa kutazama. Nilimwahidi kwamba kesho ukungu ukiinuka nitamwonyesha.

Asubuhi nilimwacha anaoga, nikatoka peke yangu kupima. Kila kitu walikuwa wamekisawazisha, asiyepima asingejua jiko lilisimama wapi, lakini mwamba wetu wa kuanikia mihogo ulikuwepo palepale, wameuzungushia taa za mapambo. Mgongo kwenye mwamba, uso kuelekea mji, nyumba ilikuwa mkono wa kushoto. Jiko hatua ishirini kutoka hapo. Nilihesabu polepole, nikijua miguu ya mtoto wa miaka kumi na mmoja si miguu yangu hii, nikapunguza. Sikuhitaji kupunguza sana. Hatua ya kumi na tano nilikuwa nimesimama ukingoni mwa bwawa la kuogelea, mahali palipoandikwa kina chake, mita mbili na nusu. Watalii wawili walikuwa wanaelea katikati, wamefumba macho.

Shimo la kina kile halikubakiza kitu. Nilifikiria lile jembe dogo na shimo letu la magotini. Nyuma yangu nikasikia ndala. Wifi alikuwa anakuja, na joho lake jeupe, nywele zimelowa.

"Ni wapi?" akasema.

Ningeweza kumwambia kweli. Nimeshajiuliza mara nyingi kwa nini sikumwambia, na jibu ni kwamba nilimwona usoni. Alikuwa na uso wa yule msichana wa miaka kumi na tisa. Mkono wangu ukainuka wenyewe, ukavuka bwawa, ukaonyesha kitalu cha maua ya zambarau kando ya ukuta.

"Pale," nikasema.

Hakuuliza mara mbili. Alipiga magoti kwenye maua, joho na vyote, akaweka viganja viwili juu ya udongo. Aliomba Salamu Maria kumi, kisha akaongea na mtoto kwa Kingoni, maneno ya kumtuliza mtoto mchanga anayelia, na akalia kwa sauti, kilio ambacho hakuruhusiwa kukilia wakati wake. Edna alikuja mbio kutoka mapokezi.

"Bibi, kuna tatizo? Kuna kitu kimekupotea?"

"Kilipotea, mwanangu. Nimeshakipata."

Siku hiyo wifi alilala kuanzia saa nane mchana hadi jioni, akikoroma. Alipoamka akasema yule mtu mdogo hayupo tena nyuma yake, ameondoka. Alikula sahani mbili. Akakubali hata kukandwa mgongo kwenye kile chumba chao chenye mishumaa, akatoka anang'aa mafuta, ananiambia nami niende. Sikwenda. Tangu alipoamka, kila nikikaa nahisi kitu kimesimama nyuma ya kiti changu, chini kidogo ya bega.

Siku ya kuondoka alikuwa na mpango kamili. Alichukua mfuko wa nguo chafu wa hoteli, akaujaza udongo wa kile kitalu, akaufunga fundo la kihospitali. Angeenda kumwomba padri aubariki, tuuzike makaburini kando ya kaka yangu, na msalaba wenye jina. Nilimsaidia kushika mdomo wa mfuko. Alipokwenda kumuaga Edna, nikamfuata mtunza bustani, Hassani, nikamuuliza habari za udongo.

"Wa maua? Huo ulikuja kwa lori, mama, umechanganywa na samadi."

"Na ule uliochimbwa bwawani?"

"Aa, ule haukupotea. Tulijazia barabara yote hii, kuanzia getini hadi chini kwenye daraja. Ndiyo maana imetulia, masika haina tope."

Nilimshukuru. Dereva alikuwa anapiga honi.

Tulikaa nyuma, mimi na wifi, na mfuko mapajani mwake ameukumbatia. Tulipovuka geti dereva akaisifu barabara, akasema hajaona barabara ya mlimani laini namna ile. Wifi alinishika mkono.

"Nimeshapata jina," aliniambia. "Nampa lako. Anaitwa Getruda. Wengine wote walimsahau, wewe ulimtunzia mahali pake."

Nilifungua mdomo, na safari hii nilitaka kusema, Mungu ananiona. Lakini alikuwa ameshafumba macho, anatabasamu, na magurudumu yanapita juu ya ule udongo bila hata kutikisika. Nikainua miguu yangu yote miwili kutoka sakafuni mwa gari, nikaikunja juu ya kiti. Wifi akafumbua jicho moja, akacheka, akaniuliza kama naogopa mteremko.

Nikamwambia ndiyo.