Sauti Yangu Kwenye Foni

Vita vilimpeleka Kalemie mvulana niliyempenda, na kila Jumamosi yaya wangu, yaani dada yangu, binti wa mama mkubwa, aliongea naye kwa foni. Mimi nilimsindikiza. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na nilimwonea wivu.

Foni ilikuwa redio ya kupelekea habari mbali, ndani ya chumba kimoja karibu na bandari ya Kalundu. Hapakuwa na siri mle. Sauti ya huyo wa mbali ilitoka kwenye spika, na wote waliongoja zamu kwenye benchi walisikia, wakiwemo wenye kuulizia mafuta ya mawese na wenye kupokea habari za msiba. Ukimaliza neno lako unasema "terminé", unaachia kitufe, ndipo mwenzako ajibu. Yaya hakuona haya. Alimwita yule mvulana "mupenzi wangu, terminé" mbele ya wazee, na benchi nzima ikacheka naye. Mimi niliangalia miguu yangu. Shuleni Kasenga nilikuwa nimekaa nyuma ya mvulana huyo miaka miwili, nikilijua hata kovu la shingoni mwake, bila kumsalimu hata siku moja. Yaya alikutana naye mara tatu tu kabla hajapanda boti! Hilo ndilo lililonichoma.

Jumamosi moja malaria ikamlaza yaya.

"Mudogo yangu, wende umuambie niko mugonjwa," aliniomba. "Asiwaze nimemusahau."

Nilikwenda mbio. Sitaki kudanganya, sikwenda kwa ajili yake.

Zamu yetu ilipofika, spika ikauliza, "Mupenzi, uko wapi? Terminé." Mama mmoja muuza samaki akanisukuma begani. "Ongea, mutoto, tuko wengi hapa."

Nikabonyeza. "Yaya iko mugonjwa. Minye ndjo nimekuya. Terminé."

"Weye nani? Terminé."

Miaka miwili nyuma yake, na hakuijua sauti yangu! Nilipandwa na hasira, haya zikakosa pa kukaa. Nikapaza sauti mpaka waliokuwa nje wakachungulia mlangoni.

"Minye nilikuwa nakaa nyuma yako mu klasi! Nakupenda tangu mbele ya yaya kukujua, na sikukuambiaka. Terminé!"

Muuza samaki akapiga vigelegele. Nilisimama wima. Spika ilikwaruza kwa muda, halafu ikatulia.

"Aksanti," alisema polepole. "Unisamehe. Umuambie yaya yako ninamupenda. Vita ikiisha nitakuya kwenu, kwa wazazi. Anichunge tu, aningoje. Terminé."

Nilisikia kila neno, na benchi nayo ilisikia. Nilitoka bila kuaga mtu.

Nyumbani yaya alijiinua kitandani, jasho likimtiririka. "Amesema nini?"

"Foni ilikuwa inalia vibaya," nilimjibu nikimwangalia machoni. "Sikusikia kitu."

Jumatano yake askari wakazichukua foni zote za Kalundu, na hatukupata tena habari ya Kalemie. Yaya alikonda. Mwaka mzima alinirudia na swali lilelile: "Kweli haukusikia hata neno moja?"

Hata moja, nilimwambia kila mara, na sauti yangu haikutetemeka.