Msumari wa Jumapili

Nilimtambua kabla hajashuka garini. Yeye hakunijua, na angenijulia wapi? Siku ile kwenye kituo cha kununulia pamba, alikokuwa mpanga madaraja, hakumtazama sawasawa hata mama yangu. Aliangalia magunia yetu kwa mbali, hakuingiza hata kidole, akatamka: "Fifi." Yaani pamba chafu, daraja la pili. Mama alikuwa ameichambua mwezi mzima hadi vidole vikamvimba. Aliimwaga chini akaanza upya mbele za watu, nami nimesimama kando nikimeza hasira.

Miaka saba baadaye akaja kijijini kwetu Samuye, kwenye kibanda changu cha kuziba pancha, Jumapili saa saba mchana. Nikampa shikamoo. Aliitikia huku akinionyesha msumari kwenye tairi la nyuma.

"Kijana, hii ni ya kuziba, au nitafika nayo mjini?"

Haraka yake niliielewa. Miaka ile mafuta yalikuwa ya shida, na Jumapili ikishafika saa nane mchana, gari la mtu binafsi lilikuwa marufuku barabarani. Na jioni hiyo, alisema mwenyewe, washenga walikuwa wanakuja kwake kumposa binti yake.

Nikapaka mate pale msumari ulipoingia. Hakuna povu. Msumari ulikuwa mfupi, haukufika ndani. Ningeung'oa kwa koleo, aende zake.

"Mzee," nikamwambia kwa adabu zote, "tairi halipimwi kwa macho."

Nikapiga jeki. Nikafungua nati moja moja. Nikabandua tairi, nikatoa tyubu, nikaijaza upepo, nikaizamisha kwenye karai la maji na kuizungusha polepole. Nilipofika nilipoanzia, nikarudia. Jasho lilimtoka. Alitazama saa, akanisihi, akaniita mwanangu. Sijawahi kufanya kazi kwa raha namna ile.

Nilimaliza kukaza nati saa nane na dakika tano.

"Lilikuwa zima, mzee. Halikuhitaji kuzibwa."

Akakaa chini, pale pale vumbini. Basi la mjini lilishapita asubuhi. Nikampeleka nyumbani kwetu, maana mgeni hatupwi njiani.

Mama alitoka jikoni, akamsalimia kwa Kisukuma, "Mwadila," akampa kigoda, akamnawisha mikono, akamwekea ugali na mlenda. Kwa heshima zile nilidhani amemsahau, na raha yote ikaniishia. Nikamvuta mama kando, nikamweleza mgeni ni nani na nimemfanyia nini.

"Nimemjua tangu anaingia," akasema. "Ila yale matairi mengine matatu, mbona hukuyapima?"