Tumbo Moja, Nafasi Mbili

Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, baba alisikitika. Mimi na pacha wangu tulikuwa tumepata daraja la kwanza, kila mmoja pointi saba, tunarukaruka uani kwetu Mabatini kama vichaa, na baba amekaa juu ya kreti ya soda, bisibisi mkononi, friji ya mteja imefunguliwa mbele yake, uso umemshuka.

"Saba tu?" akauliza. "Mtoto wa jirani mwaka juzi si alipata kumi na nne?"

Baba ni mtu wa mpira. Kwake pointi ni za ligi, mwenye nyingi ndiye bingwa. Ikabidi tumweleze kwamba kwenye mitihani mwenye chache ndiye anayeongoza. Basi hapo akafurahi, akamwita mama, akampigia simu mpaka mwenye friji.

Haikupita muda tukamvuruga upya, kwa sababu tulianza kuomba chuo. Tulichokitaka sisi ni chuo binafsi cha udaktari, kile ambacho ukikitaja watu wanakuangalia mara mbili. Waombaji ni wengi, viti vichache. Na huko chuoni hesabu inageuka. A inabeba tano, B nne, C tatu, kwa hiyo sasa mwenye nyingi ndiye mzuri. Saba zetu zikawa kumi na moja.

"Mmepanda au mmeshuka?" baba akauliza.

Kilichotuchanganya zaidi ni hiki. Pacha wangu alipata A ya Biolojia na C ya Kemia. Mimi B na B. Fizikia sote C. Jumlisha unavyotaka, tunalingana. Sasa nani ana nafasi kubwa zaidi? Jamani, tuliuliza watu! Jirani yetu, mwalimu mstaafu, alisema udaktari ni Biolojia, mwenye A alale usingizi, huyu mwingine amwombe Mungu. Huyu mwingine ni mimi. Jamaa wa steshenari pale stendi ya Buzuruga, aliyetujazia maombi kwenye kompyuta yake, akasema hapana, chuo kinaangalia Kemia, mwenye C ataishia getini. Ukimuuliza amejuaje, anakwambia, "Mimi nimewajazia wengi." Na wangapi walichaguliwa? Hapo anaanza kupuliza vumbi kwenye kibodi.

Mama hakutaka kusikia habari hizo. Alitulea kimapacha: anachopata mmoja, mwenzake akipate siku hiyo hiyo, vinginevyo mmoja ataugua. Gauni, viatu, mpaka fimbo. Nikivunja kikombe mimi, tunachapwa wote. Kipande cha samaki sato kikibaki kimoja kinakatwa katikati, na aliyekata hachagui. Alipotukuta tunabishana kuhusu A na C alitukemea: "Mtaingia wote. Acheni kupimana, mnajitafutia balaa."

Pacha wangu aliacha. Mimi wapi! Nilipima asubuhi na jioni. Nachambua dagaa, napima. Nipo kanisani, kwaya inaimba, mimi kichwani nawapanga waombaji wa nchi nzima kwenye mstari, natafuta nimesimama wapi. Kuna siku najiona nimo, kesho yake najiona nimeachwa mbali, na hakuna kilichobadilika zaidi ya usingizi wa usiku mmoja. Jambo moja tu nilikuwa na uhakika nalo: kama ataingia mmoja, ni yeye. Shule nzima ilijua yeye ndiye mwenye kichwa. Nilikuwa nimeshajiandaa hata namna ya kumpongeza, nicheke kwanza, nilie baadaye.

Awamu ya kwanza ya waliochaguliwa ikatangazwa. Nilichaguliwa mimi.

Nilidhani nimeshika simu yake. Niliigeuza nikaangalia kava. Ilikuwa yangu. Yeye alichaguliwa ualimu wa sayansi, chuo kingine, mkoa mwingine, chaguo lake la tatu tulilolijaza kwa kujazia tu. Mama alikaa kwenye ngazi, mikono kichwani, akauliza, "Sasa hii tunaikataje?"

Hakuna aliyecheka. Pacha wangu akanikumbatia, akasema, "Hongera, daktari," akaenda kuanua nguo.

Sasa ikawa kazi. Angeweza kuukubali ualimu, au kujitoa akaombe tena chuo chetu awamu ya pili. Lakini akijitoa na chuo kikamkataa, anaweza kubaki mikono mitupu. Baba akasema subira yavuta heri. Mama akasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwalimu mstaafu akapita, akasikia, akasema, "Si niliwaambia? Kemia!" Hakutuambia hivyo hata siku moja. Nilitamani kumjibu, ila ni mtu mzima, nikamwambia shikamoo nikaingia ndani.

Mimi nilisimama upande wa kujitoa. Nilimshikia bango. Nilimwambia wengi waliochaguliwa watakwenda kwingine, viti vitabaki, na A ya Biolojia haitupwi hivi hivi. Sijui mpaka leo kama nilikuwa naamini. Nilichojua ni kwamba sijawahi kulala chumba ambacho yeye hayumo, na huko bwenini ningelala bila yeye.

Akaukubali ualimu, kimya kimya, hakumwambia mtu. Nilipojua niliwaka. Nilimwambia amejidharau, amewapa watu A yake bure. "Nimeshakubali," akasema. "Wewe kelele za nini?"

Tukanuniana. Hata mama alishindwa kutupatanisha, na sisi hatujawahi kununiana mpaka jua likazama.

Halafu awamu ya pili ikafunguliwa, na kozi zenye nafasi zilizobaki zikatangazwa. Nilikuwa sokoni. Niliangalia kwenye simu, nikaangalia tena, na udaktari wa chuo chetu ulikuwemo. Nilikimbia mpaka nyumbani, nyanya zinaruka kwenye kikapu. Nilimkuta chumbani amepiga magoti, anapanga mashuka kwenye begi.

"Nafasi zimebaki!" nikasema, hata pumzi sina. "Kwenye kozi yetu. Jitoe leo, mfumo bado unaruhusu."

"Najua," akasema. "Nimeona tangu asubuhi."

"Sasa?"

"Sasa nini?"

Nikaanza kumwagia hesabu zangu, nani atakuwa ameondoka, A inabeba ngapi, wenye C ya Kemia walioingia miaka ya nyuma ambao hata sikuwa na hakika kama wapo. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Na wakinikataa mara ya pili nikabaki nyumbani," akasema, "wewe huko utaweza kusoma?"

Niliweka kikapu chini, nikapiga magoti ng'ambo ya begi. Akashika begi upande wake.

"Kandamiza hapo," akasema, "zipu inagoma."

Nikakandamiza.